Palipokauka Kwanza

Mama Waya, fundi wa bodi za elektroniki, alikuwa na mwiko mmoja wa kazi: vitu vya nyumbani kwake humpa fundi mwingine, maana cha ndugu humtia haraka. Siku hiyo aliuvunja. Mashine inayompa mama mkwe wake oksijeni ilizimika asubuhi, akaileta dukani kwake, na mumewe akapiga simu kusema mtungi wa akiba unaelekea kwisha, na wa kununua hauonekani.

Alipoipima bodi ya mashine, mita ililia kila alipogusa. Laini nzima ya umeme ilikuwa na shoti, na vidude vilivyoungwa kwenye laini hiyo vilikuwa vingi kama mchele uliomwagika. Akaishuku chipu kubwa ya katikati, akawasha bloa aing'oe kwa moto. Akikosea hapo, bodi imekwenda na maji.

Fundi wa duka la mkabala alikuwa akimtazama. Wawili hawa walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mama Waya alimwita Domokaya, naye Domokaya aliwaambia wateja kwamba jirani yake hukaanga simu. Lakini alivuka, akaizima bloa bila hata kuomba ruhusa.

“Dada, hujapaka spiriti,” alisema. “Usianze na hiyo chipu.”

Iliuma, ila alikuwa amesema kweli. Walipaka spiriti kwa brashi, wakaipa laini umeme mdogo, wakainama. Kidude chenye shoti hupata joto, na spiriti juu yake huwahi kukauka. Mama Waya machozi yalimjaa, haoni kitu. Aliyeona ni Domokaya. Pembeni kabisa, mbali na chipu, palikauka juu ya kidude kimoja, kapasita ndogo kama chawa. Wakaing'oa. Mita ikanyamaza.

Domokaya alifunga duka lake, wateja wakiwa mlangoni, akaibeba mashine hadi nyumbani. Ilipoanza kunguruma na rangi ikairudia midomo ya mama mkwe, Mama Waya alikaa sakafuni, akashukuru.

“Huyu kijana ni nani?” mama mkwe aliuliza alipopata pumzi.

Lile jina la utani lilifika kwenye ncha ya ulimi. Mama Waya akalimeza.

“Ni fundi mwenzangu, mama,” alisema. “Bila yeye, leo tungekukosa.”