Anayetoa Huonja Kwanza

Kwa Wahangaza, hupokei kinywaji kwa mtu ambaye hajakionja. Iwe pombe ya ndizi ya harusini, iwe togwa ya mchana, anayetoa hupiga funda la kwanza mbele ya macho yako, ndipo nawe unanyoosha mkono. Si kwamba unamshuku. Ni adabu tu, na kidogo unamshuku.

Bonifasia aliifuata adabu hiyo hata kwenye dawa. Kila Jumamosi wenye ugonjwa wa sukari walikuja nyumbani kwake, nje kidogo ya Rulenge, wakakaa kwenye benchi ukutani kwa jiko, naye akawachemshia majani ya mubirizi, mti mchungu unaobaki kinywani mpaka usiku. Kabla ya kumpa mtu kikombe, alionja yeye. Wagonjwa walimtazama mjane yule wa miaka sitini, aliyenawiri na bado analima shamba lake mwenyewe, wakajisemea: tukinywa anachokunywa, tutakuwa kama yeye.

Wasichokijua ni kwamba Bonifasia naye alikuwa na sukari. Aliambiwa mwaka juzi huko Biharamulo, mbali na macho ya majirani, na tangu hapo kila alipoaga kwamba anakwenda Nyabusozi kumwona binti yake Priscila, alipitia hospitali kuchukua vidonge. Alivimeza asubuhi, mlango umefungwa. Mubirizi aliuamini, na kwa maoni yake ulimsaidia, lakini hakuthubutu kuuachia kazi peke yake. Na ndiye huyo huyo aliyezoea kuwaambia wenzake kwamba mficha maradhi kifo humuumbua! Aliona haya. Nani angefuata dawa kwa mganga anayekimbilia hospitali?

Siri ilianza kumwelemea siku ya Pasaka, Thobias, mdogo wa marehemu mumewe, alipomwambia kwamba ameachana na vidonge vya hospitali.

"Dawa yako inanitosha, shemeji," alisema, akacheka.

Bonifasia akacheka naye.

Jumamosi moja ya kiangazi Thobias alikuja moja kwa moja kutoka shambani. Akawasalimu watu watatu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi, akaingia sebuleni kama mtu wa nyumbani, akaketi, akavua buti. Soksi ilikuwa imelowa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli na kuingia kwenye unyayo, naye alikuwa ametembea nao tangu migombani.

"Ala!" alisema, akiutazama mguu kana kwamba ni wa jirani. "Wala sikusikia kitu."

Bonifasia aliinama, akaugusa unyayo. Alimjua mtu aliyeanza hivyo hivyo, kwa kutosikia, na leo anatembelea magongo.

"Shemeji, nenda hospitali."

"Kwa msumari? Nipe dawa yangu, unioshe kidonda, yaishe."

"Mguu usiosikia msumari si mzima, Thobias. Rudi kwenye vidonge vyako."

"Vidonge! Kwani wewe unavimeza? Unakunywa hii hii, na tazama ulivyo. Nipe bwana."

Bonifasia alimletea kikombe cha mubirizi, akakiinua. Macho ya Thobias yakakifuata, yakingoja funda la kwanza. Angeweza kuonja tu. Mguu ungeoza taratibu, na jina lake lingebaki safi. Alijichukia kwa kuwaza hilo, akakiweka kikombe chini.

Aliingia chumbani, akarudi na pakiti ya vidonge na maji. Cha asubuhi hiyo hakuwa amekimeza, maana wagonjwa walimwahi. Akakitia mdomoni mbele ya Thobias, akakimeza.

"Nina sukari, shemeji. Mwaka wa pili huu. Hivi ndivyo vinavyonishikilia. Mubirizi unasaidia tu."

Thobias aliitazama pakiti. Nje kuku walikuwa wakiparura, na mtu kwenye benchi alikohoa.

"Siku ile ya Pasaka nilipokuambia nimeviacha," alisema, "ulicheka."

"Nilicheka."

"Ungenizika, Bonifasia."

Miaka yote alimwita shemeji. Jina lile lilimchoma kuliko tusi. Akachuchumaa, akamwosha mguu kwa maji ya uvuguvugu na kuufunga kwa kitambaa safi. Thobias alimwachia mguu, lakini uso aliugeuzia ukutani. Kisha akapiga simu kuita bodaboda, na iliposikika barabarani akakubali kushikwa mkono mpaka nje.

"Vipi, dawa imekwisha?" aliuliza Kezia kutoka kwenye benchi.

"Ipo," alisema Thobias. "Lakini kabla hajawaonjea, muulizeni asubuhi anameza nini."

Akapanda pikipiki, akaenda zake hospitali bila kuaga.

Macho yote yakamgeukia Bonifasia. Pakiti alikuwa ameichomeka kiunoni, kwenye pindo la kanga. Akaichomoa, akaiinua waione.

"Ninameza hivi. Vya hospitali, kila siku, maana nami ninaumwa sukari," alisema. "Ninyi je? Nani hapa ameacha vyake kwa ajili ya dawa yangu?"

Kezia alitazama chini, kisha akainua mkono. Gidioni, fundi cherehani wa pale jirani, akainua wake. Na Mzee Methusela, ambaye masikio yake yalikwisha kuchoka, alipoona wenzake wameinua, akanyoosha wake juu kuliko wote, akitabasamu.