Mgongo Hauna Jina

...na afadhali wamezima taa, maana huo mgongo kwenye picha ukutani, mkubwa kama mlango wa ghala, ni wangu, mtu hauoni mgongo wake lakini kovu langu nalijua kwa vidole, liko chini ya bega, limejikunja kama jani kavu, na watoto hawa wa chuo wanaandika, wanaandika nini, mgongo wa kikongwe, na mjukuu wangu pale mbele na kipaza sauti, kavaa viatu vile nilivyomwambia vitamuumiza, anawaambia mchongaji hachagui, plasta inashika kila kitu, kweli, ilinishika hadi vinyweleo, siku ile kwenye chumba chake cha kazi alinipaka mafuta ya mgando akanilaza kifudifudi, akanibandika vitambaa vyake vilivyolowa plasta, Bibi usicheke, ukicheka tunaanza upya, nami nikamtania, mke mwenzangu, mume wetu angeona unavyonivua nguo angesemaje, kisha plasta ikaanza kukauka, kumbe ikikauka inapata moto, joto lilelile, mahali palepale, mdomo ukafunguka wenyewe, nikamwambia nisichomwambia hata mama yangu mzazi, kwamba sikuangukia jiko, ni babu yako na pasi ya mkaa, kisa kola haikunyooka, nikamwapisha, baba yako asijue, akaapa, akanibusu kisogo, Bibi, huu ni mgongo tu, mgongo hauna jina... anasema nini sasa, ngoja, anasema, "Mwanamke mmoja aliwaambia watoto wake ameangukia jiko," mwanamke mmoja, mimi huyo, niliyembeba kwa mgongo huohuo akiumwa surua, leo nimekuwa mwanamke mmoja, nyamaza mtoto, badilisha picha, "kumbe ilikuwa pasi ya mumewe," basi, limetoka, ukumbi mzima umevuta pumzi, na hapa kushoto kwangu kakaa mwanangu, baba yake mjukuu, na koti la marehemu mume wangu, huyu anayemwambia kila mgeni kwamba baba hakuwahi kumnyooshea mkono mama, sivyo mama, nami ndiyo, hakuwahi, nimemjengea baba kwa mdomo wangu tofali kwa tofali, maana mtoto wa kiume asiye na baba wa kumsifu atamfuata nani, na mke mwenzangu kambomoa kwa kipaza sauti, kikulacho ki nguoni mwako, mama alikuwa akisema, mimi changu kilinivua nguo kabisa, sitamgeukia mwanangu, nitatazama kisogo cha huyu aliyekaa mbele yangu, mwanangu anahema karibu na sikio langu, ananong'ona, "Mama, nilikuwa mlangoni. Shati lilikuwa la bluu," ...la bluu, ndiyo, la bluu, sikumwambia mtu rangi, hata mjukuu sikumwambia, na mimi nilijua amelala, nilimfunika mwenyewe, basi sivyo mama, sivyo mama, miaka yote ile akiniangalia usoni mbele ya wageni, nilidhani anaomba niitikie, kumbe alikuwa ananisubiri niseme hapana, tumedanganyana kwa huruma mama na mwana hadi naye kaota mvi, na kule mbele mjukuu anauliza kama kuna mwenye swali, mgongo bado uko ukutani, hakuna anayenyoosha mkono, ninalo mimi, mwanangu, ulisimama pale tangu saa ngapi...