Gogo la Kulalia

Atuganile hakumwachia mtu kazi ya kuchagua kuni za usiku. Mwezi wa saba, huko milimani juu ya Mbeya, umande huganda majanini, na mkwewe Tusekile alikuwa na kichanga. Aligonga kila gogo kwa mgongo wa shoka. Lililoitika kwa sauti nzito na butu lilikuwa bichi, akalirudisha uani. Alitaka kavu hadi kiini, lenye mafundo. Hilo husukumwa nyuma ya mafiga, likishika hufukiwa majivu, na alfajiri unakuta kaa jekundu.

Mwaka ule magogo ya namna hiyo yalipatikana kwenye kijisitu walimozikwa wazee chini ya miti. Mzungu wa shamba la pareto alikuwa anakifyeka, na Gideoni, mwana wa Atuganile na mume wa Tusekile, alikuwa mmoja wa wakataji. Masalia waliruhusiwa kwenda nayo nyumbani.

Gogo la kwanza liliposhika moto, aliingia Asukile, marehemu baba yake Gideoni. Alipangusa udongo miguuni, akaketi karibu na moto kuliko wote.

"Karibu, tata," alisema Gideoni.

Atuganile alimsogezea mumewe kigoda. "Huko baridi?"

"Tangu mlipoukata mti wangu, upepo unaniingia mbavuni."

Kulipopambazuka aliondoka. Jioni akarudi.

Kila gogo lilikuja na mwenyewe. Moja lilimleta shangazi. Jingine liliwaleta wazee wawili waliozikwa chini ya mti mmoja, ambao hawakusemezana walipokuwa hai na hawakuona sababu ya kuanza sasa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hawa jembe lilikwisha kuwafukia.

Walilizunguka jiko bega kwa bega, na joto lote likaishia kwao. Nyuma ya migongo yao midomo ya mtoto iligeuka rangi.

"Mama, mwanangu anapoa!" Tusekile alilia.

Atuganile aliwaomba wageni wapishe. Asukile alisogeza goti moja.

Walijaribu kuni nyembamba za miti ya miwati, zikawaka kwa fujo na kuisha kabla jogoo hajawika. Gideoni akaleta tena magogo ya kijisitu, na wageni wakaongezeka.

"Acha kukata," Tusekile alimwambia kwa hasira.

"Nikiacha atakata mwingine. Nasi tutaota nini?"

Tusekile alimbeba mtoto, akahamia upande wa nyumba walimolala ndama. Huko, katikati ya matumbo mawili ya ndama yenye joto, mtoto alinyonya akalala. Hakurudi tena jikoni.

Jioni moja Atuganile alimuuliza mwanawe umebaki mti gani.

"Ule wa pembeni."

Chini ya mti huo, kando ya kaburi la Asukile, ndipo Atuganile alipoahidiwa kulazwa tangu alipoolewa.

"Huo uuache, mwanangu. Ni wangu."

"Umeshapakwa chokaa ya kukatwa, mama. Ni kesho."

Ilimuuma Atuganile, na hakuficha. Alijifuta macho kwa pindo la kanga. Kisha akachungulia upande wa ndama.

"Basi uupasue, uuanike mpaka ukauke kabisa," alisema. "Chini yake bado hajalala mtu. Sitaki moshi machoni mwa mtoto."