Kioo Orijino cha Mwalimu

Neno "feki" lilitamkwa mchana kweupe, gereji ikiwa imejaa watu, na aliyelitamka alikuwa baba mzazi wa fundi wa vioo. Angelitamka mteja, fundi angecheka tu, angemkalisha kwenye benchi na kumweleza habari za vioo mpaka mwenyewe aombe ruhusa ya kuondoka. Lakini baba akishakuita tapeli mbele ya watu, unakwenda kushtaki wapi?

"Umemfungia baba yako kioo feki," mzee alifoka, ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni. "Mimi! Niliyekusomesha!"

Mzee huyu mji mzima ulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Alifundisha udereva maisha yake yote, na nusu ya wanaopiga honi ovyo mjini walipita mikononi mwake, japo honi alikana kuwafundisha. Alipostaafu hakubaki na cha kujivunia ila macho yake na gari lake. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba kuingia ilibidi uchuchumae kwanza. Kiwanda kilikuwa kimeacha kulitengeneza tangu fundi hajaoa. Mwalimu alilipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya watu, na watoto wake walishazoea.

Balaa lililetwa na jiwe lililoruka kutoka kwenye tairi la lori. Kioo cha mbele kilipasuka kona hadi kona. Fundi, ambaye kazi yake ni vioo vya magari na hana nyingine, alimkalisha baba yake akampa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa orijino, ila kwa gari la umri ule kipya hakipo tena, ingebidi kisakwe kwenye gari lililokufa na kije na mikwaruzo ya wipa za watu wengine. Ya pili ilikuwa kioo cha kampuni nyingine, kipya kabisa, kilichokatwa kwa vipimo vya gari lile lile, isipokuwa hakina nembo ya kiwanda pale konani.

"Ingekuwa lako ungefunga kipi?" Mwalimu aliuliza.

"Kipya, Baba. Ugumu ni ule ule, na utaona vizuri zaidi."

Utaona vizuri zaidi! Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Haukupita muda Mwalimu akaanza malalamiko. Mara taa za magari yanayokuja zinatawanyika, mara wapita njia wamekuwa vivuli, mara kuna ukungu ambao kitambaa hakiutoi. Fundi alikaa kwenye kiti cha dereva, akakazia macho ukingo wa ukuta huku akisogeza kichwa huku na huku, maana kioo kibaya hupindisha mstari. Mstari haukupinda. Akaliendesha jioni, taa zikimjia usoni. Kioo kilikuwa safi hata ukasahau kwamba kipo.

Hapo ndipo alipoelewa. Dada yake, aliyekuwa akiishi na mzee, alikuwa ameelewa kabla yake.

"Jana kamimina chai mezani, kikombe kiko pembeni," dada alimwambia kwenye simu. "Na geti halikugongwa na watoto wa jirani, aligonga yeye. Mwambie aende akapimwe macho."

"Si umwambie wewe?"

"Nilimwambia, akanifukuza sebuleni kwangu mwenyewe. Wewe ndiye fundi wa vioo. Wewe atakusikia."

Hakumwambia. Tusizunguke, aliogopa. Mtu aliyewafokea watu wazima miaka yote kwa kutotazama vizuri, utaanzia wapi kumwambia kwamba haoni? Ndipo fundi akafanya kosa ambalo ni fundi wa vioo tu angelifanya. Alijiambia kwamba atatafuta orijino, atakifunga, na mzee akiona ukungu uko pale pale atajua mwenyewe kuwa tatizo si kioo. Alitaka kioo kimsemee.

Na lile neno la gerejini nalo lilikuwa likimchoma. Mpiga rangi waliyegawana naye uwanja, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu na mtu ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki, alilisambaza kabla ya jua kuzama. Kuanzia siku ile wateja walikuwa wakimuuliza huku wanacheka, "Fundi, hiki unachonifungia ni orijino, au ni kile cha baba?" Wengine hawakuuliza. Walikwenda tu kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na fundi aliwaona wakipita, akajifanya anatafuta bisibisi.

Orijino alikipata kwenye gari la aina ile ile lililotelekezwa nyuma ya ghala, injini imeng'olewa, majani yameota sakafuni. Alivua viatu, akajilaza chali kwenye viti, akakisukuma kioo taratibu kwa nyayo kutokea ndani, roho mkononi, mpaka mpira unaokibana ulipoachia. Nembo ilikuwepo konani. Mikwaruzo nayo ilikuwepo, tena upande wa dereva. Alikifunga kwenye blanketi la kitandani kwake, na mkewe alipoliona linatoka nje alinuna.

"Blanketi langu, kwa ajili ya mtu aliyekuita tapeli?"

"Ni baba yangu."

"Najua. Na yeye anajua?"

Siku ya kufunga, gari likiwa limelala gerejini, alimwomba mzee aje alasiri. Asubuhi akatoa kile kioo kipya, akakiegemeza ukutani kando ya orijino, akasafisha fremu, kisha akaenda nyuma kuosha mpira kwa maji ya sabuni ili upenye kirahisi. Gari likabaki wazi mbele. Mwalimu, ambaye hakuwahi kuchelewa popote, aliletwa na binti yake kabla ya adhuhuri, binti akaenda zake sokoni.

Hakumsubiri mtu. Alifanya kama alivyowafundisha wengine maisha yake yote. Alifungua mlango, akakaa, akasogeza kiti, akarekebisha kioo kidogo kinachoning'inia darini, ndipo akatazama mbele. Gereji haikuwa na upepo hata wa kupeperusha karatasi. Fundi aligeuka na povu mikononi, akamwona. Alifumbua mdomo aseme, "Baba, bado," kisha akaufunga. Alitaka kusikia.

Mzee alikunja uso, akainama mbele, akarudi nyuma.

"Hiki ndicho orijino?" alipaza sauti. "Ukungu ni ule ule! Umenifungia feki tena!"

"Lakini Mwalimu..." mpiga rangi alianza.

"Nyamaza wewe! Kuegesha tu kulikushinda mpaka nikakuonea huruma."

Benchi zima la wateja likacheka. Damu ikampanda fundi kichwani, na aibu ya siku zote zile ikapanda nayo. Alikwenda ubavuni mwa gari, akainama juu ya boneti, akapitisha mkono wake wenye povu katikati ya fremu mpaka akashika usukani, vidole vikigusana na vya baba yake.

"Feki ipi, Baba?" aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa benchi. "Kioo kipi hicho unachokiona?"

Mpiga rangi akaangua kicheko, na wengine wakafuata. Fundi naye alifurahi. Tusimsafishe, alifurahi kabisa, moyo ukawa mweupe kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya feki.

Mwalimu aliinua mkono, akaupeleka mbele polepole kukitafuta kioo. Ukaenda, ukaenda, mpaka bega likagusa usukani na vidole vikawa nje juu ya boneti, vikipapasa. Kicheko kikafa chenyewe.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Viko ukutani, Baba. Vyote viwili."

Mzee alirudisha mkono, akaufuta povu kwenye suruali.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu kile cha kwanza?"

Fundi aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba ni lazima aseme. "Tangu kile cha kwanza."

"Ungeniambia nyumbani," Mwalimu alisema.

Alitoka garini kwa kuutafuta mlango, kisha ardhi kwa mguu. Fundi alipokimbilia kumshika mkono, mzee aliuvuta. Watu wa benchini walikuwa wakitazama viatu vyao, hata mpiga rangi.

"Baba, nifunge kipi?" fundi aliuliza.

Mwalimu alikuwa ameshafika ukutani, akiupapasa kuelekea barabarani, na hakugeuka.

"Muulize atakayelinunua."