Shule ya Uzito

Ukiingia leo kwenye duka la ala za muziki hapa mjini kwetu ukaulizia nyuzi nyembamba za gitaa la umeme, mwenye duka atakutazama kama mtu aliyeulizia maziwa ya kuku. Nyembamba za nini? Hapa watu wanapiga metali, muziki wa magitaa ya kunguruma. Atakushushia kutoka kwenye rafu nyuzi nene, namba kumi na moja, namba kumi na mbili, na kama anakuona umeiva, namba kumi na tatu, ambazo ukizitoa kwenye pakiti unaweza kufungia geti. Kisha atakupa na mawaidha ya bure. Kijana, legeza nyuzi, shuka chini, uzito hauko kwenye kelele, uko chini. Atakwambia maneno hayo ni ya Ngurumo, mwasisi wa Shule ya Uzito.

Ngurumo ni mume wangu. Na kwa kuwa naona vijana wanaendelea kuichambua falsafa yake kwa nyuso za huzuni, acha niseme ilikotokea. Ilitokea kooni.

Mume wangu ni dalali. Kutwa nzima yuko kwenye uwanja wa mnada wa samani zilizotumika, kipaza sauti mkononi, anawashawishi watu kwamba kochi lililobonyea katikati limebonyea kwa starehe. Jioni anakuja kwenye chumba changu cha kushonea mapazia, tunafunga mlango, anaimba. Mimi napiga gitaa. Mapazia ni mazuri kwa kazi hiyo, yananyonya sauti, na majirani huamini ni cherehani inayosumbua.

Tulipoanza bendi yetu tulikaza nyuzi kama dunia nzima inavyokaza. Wimbo wetu wa kwanza, "Kuzimu Hakuna Foleni", ulikuwa na mahali kwenye kiitikio ambapo sauti ya mume wangu ilipanda hadi mtu unaangalia dari. Basi ikafika jioni moja akaenda kupanda, hakufika. Akakohoa, akasema ni vumbi la makochi. Jioni iliyofuata akakohoa tena. Vumbi likawa haliishi.

Nikamhurumia. Kabla hajaja nikalegeza nyuzi zote nusu toni, nikakaa kimya. Akaimba, akafika. Akageuka uso umemng'aa.

"Leo gitaa umelifanya nini? Lina uzito!"

"Nimelegeza kidogo," nikasema. "Ili liwe na uzito."

Hapo ndipo shule ilipofunguliwa, mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja, na wote wawili hawakujua nani ni nani.

Koo likazidi kushuka, nami nikazidi kulishusha gitaa. Sasa uzi ukiulegeza sana unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, unapigapiga tu shingo ya gitaa na kulia kama nyuki ndani ya kopo. Dawa yake ni kununua uzi mnene zaidi, huo hata ukilegea bado unajishikilia. Kwa hiyo nikapanda namba hadi namba. Kila nikipanda, mume wangu alipata maneno mapya ya kuwaeleza watu. Metali ya juu ni ya watoto. Mwanamuziki akikomaa anazama. Yeye ni dalali, jamani, mpe kabati bovu akupe hotuba.

Na watu wakaamini! Bendi zote za hapa mjini zikalegeza nyuzi. Vijana wenye makoo mazima, makoo ya kupasulia vioo, wakawa wananguruma chini kama jokofu linalotaka kufa. Nilihudhuria tamasha moja bendi sita zikapiga, na zote sita ziliumwa koo la mume wangu. Nilikaa kiti cha nyuma nikijitia hamnazo.

Mama mkwe wangu peke yake ndiye hakudanganyika. Alipita siku moja kuchukua pazia lake, akasikiliza kidogo, akaniambia, "Mwanangu sauti imemkimbia, na wewe unamfukuzia." Akachukua pazia akaenda zake.

Nilicheka, lakini nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa hii: tulikuwa tumefika chini kabisa. Nyuzi nene kuliko namba kumi na tatu duka halina, na nikilegeza zaidi ya pale hakuna sauti, kuna kupigapiga tu. Na mume wangu alikuwa ameanza kukohoa tena. Nilijua akigundua ataacha kuimba. Namfahamu, ni mtu wa yote au hakuna. Aliwahi kupata mafua yakamzuia kuimba, na nyumba nzima iligeuka chumba cha kusubiria daktari. Alirudi kutoka mnadani, alikula, alitazama ukuta. Nilikuwa radhi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka uzeeni kuliko kuishi na yule mtu wa ukutani.

Ndipo wakaja wanafunzi. Kutu, mpiga gitaa, fulana nyeusi yenye fuvu, na Jeneza, mwimbaji wa bendi yake, msichana anayeuza dawa kwenye duka la dawa na ambaye bado alikuwa amevaa koti jeupe la kazini.

"Shikamoo mwalimu," akasema Kutu. "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia mume wangu, kwa ile sauti anayoiweka kwa ajili ya wafuasi.

Kutu alikuwa amekutana na kaseti ya zamani kwa mjomba wake. "Kuzimu Hakuna Foleni", ile ya kwanza kabisa. Walitaka kuipiga Jumamosi kwenye ukumbi, kwa heshima ya mwalimu, na mwalimu mwenyewe aimbe.

"Tumeamua tuipige kama ilivyokuwa mwanzo," akasema. "Nyuzi tunazikaza vilevile."

Moyo ukanilipuka. Mume wangu, masikini, alikuwa ameshavimba kichwa hata kofia isingemtosha. Akakubali papo hapo.

Niliwasindikiza hadi nje ili niongee nao kistaarabu.

"Kwa nini msilegeze? Si ndiyo shule yetu?"

Kutu akashika kifua. "Mama, huu ni urithi. Hatuwezi kuugusa."

Tazama nilichovuna. Miaka yote hakuna aliyethubutu kukaza uzi, na siku wanathubutu, wanathubutu kwangu. Kisha yule kijana akaniomba ushauri: kwa mkazo ule wa zamani, anunue nyuzi namba ngapi? Mtu yeyote mwenye huruma angemwambia tisa, au kumi. Nikamwambia kumi na tatu. Nilipiga hesabu kwamba nyuzi nene namna ile zikikazwa hadi juu ni sawa na kupiga gitaa la nondo, hakuna kidole cha binadamu kitakachozivuta, na vidole vikimshinda atalegeza mwenyewe bila kuombwa.

Nilisahau naongea na mtu wa metali. Siku ya mazoezi alikuja na plasta kwenye vidole vyote vya mkono wa kushoto na tabasamu la bwana harusi. "Ahsante mama. Sasa nimeelewa. Maumivu ndiyo yenyewe."

Wakapanga vyombo vyao kati ya mapazia ya harusi ya mtu. Jeneza akaketi kwenye mkeka wa vitambaa kusubiri. Mume wangu akashika kipaza sauti chake, akafunga macho, akasema, "Haya, tuzame."

Kutu akaanza. Na ulikuwa wimbo wenyewe, wenye makali yake ya zamani, nyuzi zimesimama wima. Mimi nilikuwa nimeusahau. Mume wangu akaingia ubeti wa kwanza, shingo imemtoka mishipa kabla hata ya kiitikio. Akanyanyua mkono.

"Simameni! Nani kawaambia mpandishe?"

"Hatujapandisha, mwalimu," akasema Kutu.

"Mmepandisha. Wimbo wangu mwenyewe mimi siujui?"

Kutu hakutaka kubishana na mtu mzima. Alitoa ile kaseti mfukoni kwa adabu, akaitia kwenye redio ninayosikilizia taarifa ya habari nikishona, akabonyeza. Ningeweza kuchomoa waya ukutani. Nilikuwa karibu na waya. Sikuchomoa, na mpaka leo sijui kama ni ujasiri au miguu iliganda.

Gitaa likalia, langu, na kila mtu pale chumbani akasikia kwamba lilikuwa sawasawa na la Kutu. Kisha mume wangu akaimba kutoka ndani ya redio. Akafika kwenye kiitikio, akapanda, akafika, akakaa kule juu bila haraka kama mtu aliye kwake.

Mume wangu wa pale chumbani alilitazama gitaa la Kutu. Akatazama langu, limetundikwa ukutani na nyuzi zake za kufungia geti. Yeye ni dalali, akitazama bidhaa huwa anajua imechezewa wapi. Halafu akanitazama mimi.

"Letu liko wapi ukilinganisha na hili?"

"Chini," nikasema. "Toni mbili na nusu."

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo."

"Ili liwe na uzito."

Nikaokota kipande cha kitambaa sakafuni.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama yako."

"Mama yangu!" Akaketi juu ya amplifaya. "Mama yangu hata redio hajui kuwasha!"

Kutu alipigwa na butwaa. Unaona mtu amejichora tatoo ya neno UZITO shingoni, halafu anasikia mambo kama haya. "Lakini mwalimu," akasema, "ile falsafa... kwamba mwanamuziki akikomaa anazama..."

"Kijana," akasema mume wangu, "hakuna falsafa. Kuna koo. Limechakaa kwa kuuza makochi. Mji mzima mmelegeza nyuzi kwa sababu mke wangu alinionea huruma."

Jeneza akaangua kicheko, akakifunika kwa mkono wa koti jeupe, akaomba radhi. Hakuna aliyemkaripia. Mume wangu akamwambia Kutu arudishe kaseti mwanzo. Akaisikiliza yote, viwiko juu ya magoti. Ilipokwisha akasema taratibu, "Alikuwa anaweza, yule."

Mimi ni mtu wa kejeli. Nyumbani kwetu tumelelewa nazo, hata msibani tunazo. Nilitafuta moja tu ya kusema pale, hata mbovu, nikakosa. Nilijisikia mwizi. Nilidhani namwibia aibu, kumbe nilikuwa namwibia habari ya mwili wake mwenyewe.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungeacha kuimba."

Alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, sikumbuki kumwona akifikiri hivyo kabla hajasema.

"Ningeacha," akakubali. "Siku ile ningeacha." Kisha, "Na kushuka zaidi? Kuna pa kushuka?"

"Hakuna tena. Nyuzi zitapigapiga tu."

Akatikisa kichwa kama anavyofanya mnadani bidhaa ikikosa mtu. Nikasema moyoni, ndiyo basi, yule mtu wa ukutani amerudi nyumbani. Lakini akasimama, akachukua kipaza sauti.

"Nyuzi ziache hapo hapo zilipo. Tunaanza."

Kutu akajaribu, vidole vikagoma. Plasta mbili zilikuwa zimeshaloa damu. Akanipa gitaa lake bila kunitazama, nami nikalipokea, na nikajua kwa mara ya kwanza nilimwonea mtoto wa watu kiasi gani. Kila uzi ulinikata. Nikapiga.

Mume wangu aliimba ubeti wake. Chini alikuwa mzuri, ana nyama kwenye sauti ambayo yule wa kwenye kaseti hakuwa nayo. Kisha kiitikio kikaja, akaenda kupanda, sauti ikapasuka katikati mbele yetu sote. Nilingoja akohoe. Hakukohoa. Hakusingizia vumbi. Aliendelea kusukuma kile kilichobaki, kibaya, kinakwaruza, na Jeneza akainuka kutoka kwenye vitambaa vyangu bila kuombwa na mtu, akaingia kule juu, akakaa. Miaka yote hiyo msichana yule alikuwa ananguruma kwa ajili ya mume wangu. Nilikosea kupiga kwa sababu nilikuwa nalia.

Tukamaliza. Mume wangu alikuwa anatweta.

"Jumamosi juu ataimba huyu binti," akasema. "Mimi nitaimba mpaka pale koo linapoishia. Na watu wasikie linapoishia."

"Kwa hiyo huachi?" nikauliza.

"Nikiacha," akasema, "wewe utakuwa unamdanganya nani?"

Akaomba maji ya kunywa.