Sauti ya Kengele Yaandikishwa Darasa la Saba

Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, kwaya ya shule ya kati ya wavulana ilikuwa katikati ya wimbo wa Utukufu wakati sauti ya Kengele ilipotoka kifuani mwake ikaenda kukaa juu ya kinanda.

Mwalimu wa kwaya, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliacha kupiga.

"Shuka hapo," akaiambia. "Hicho kinanda si kigoda."

Sauti ikashuka, ikakaa benchi la mbele, ikamalizia ubeti bila kukosea. Kengele, mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyepewa jina hilo kwa wembamba wa sauti yake, alifungua kinywa aifuate. Kikatoka kishindo kama cha pipa tupu linaloviringishwa. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. Naye akacheka, kwa sauti hiyo hiyo ya pipa, wakazidi kuvunjika mbavu.

Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa anaikumbuka sheria.

Pale shuleni wavulana kumi na wawili walisoma bure kwa sababu waliimba sauti ya kwanza. Siku sauti ya mmoja ilipovunjika, barua ilipelekwa nyumbani, na dawati lake akapewa mwingine mwenye koo jembamba. Kwa miaka tisa mwalimu ndiye aliyetia saini barua hizo. Zilikuwa kumi na saba, na kila mara chakula cha mchana kilimshinda.

Alikwenda ofisini kwa Bruda Mkuu.

"Ya Kengele imevunjika?" Bruda akauliza, huku akichonga penseli.

"Haijavunjika, Bruda. Imetoka. Sasa hivi iko darasa la saba, inasoma jiografia."

Bruda akapuliza vumbi la penseli. "Kuimba, bado inaimba?"

"Kuliko jana."

"Basi hakuna taabu. Nafasi ni ya sauti, nayo ipo. Ibaki. Mvulana aende kwao."

Asubuhi iliyofuata Kengele alizuiwa getini. Mama yake, fundi cherehani, alifika na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Hakwenda ofisini. Alinyooka moja kwa moja hadi dirisha la darasa la saba, akasikia mtoto anajibu swali la historia, akaingiza kichwa.

"Wewe, umekula?"

"Bado, mama," sauti ikajibu.

"Nilijua tu. Nakusikia umekonda."

Akaipima kwa masikio pale pale dirishani, na Ijumaa akaleta shati jeupe na kaptura, akavitundika kwenye kiti ili walimu wajue pa kutazama wakiuliza swali. Kisha akarudi getini kwa yule mwingine, akampa nusu ya mkate, akamwambia asithubutu kuondoka.

Kengele hakuondoka. Alikaa juu ya jiwe na daftari lake la sayansi, na wenzake wakampitishia masomo ya siku chini ya geti, yameandikwa kwenye vikaratasi.

Jumatatu ukaja mtihani wa majaribio. Sauti ilijua majibu yote, lakini haikuandika hata moja. Mwalimu wa sayansi akaipa sifuri. Bruda Mkuu, ambaye shule yake haikuwahi kuwa na sifuri, alishuka darasani mwenyewe.

"Una nini wewe?"

"Sina mikono, Bruda," sauti ikasema kwa adabu. "Mikono yangu mmeiacha nje ya geti."

Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kazi yoyote ya kumweka pale, akakohoa.

"Bruda, sheria haimkatazi mwanafunzi kuja na mikono yake."

Bruda akaagiza kitabu cha sheria. Akakisoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Kisha akafungua rejista, na mbele ya namba ishirini na tatu, *Sauti*, akaongeza kwa mwandiko mzuri: *pamoja na mikono*.

Kengele aliingia darasani akiwa amebebwa juujuu, na hata mwalimu wa sayansi alipiga meza. Tangu siku ile walikaa kiti kimoja. Sauti ilipenda historia, yeye alipenda sayansi, na kwenye hesabu waligombana hadi wakatolewa nje wote wawili. Kwenye kwaya sauti iliimba juu na yeye akaimba chini. Kwenye Misa ya sikukuu ya shule waliimba hivyo hata padre akasahau kuendelea, na mama yake akapiga makofi kanisani bila aibu.

Siku ya kufunga mwaka, Sauti ilitangazwa ya kwanza darasani. Kengele hakutajwa, kwa kuwa rejistani hakuwa mtu. Alipokea cheti kwa mikono miwili, akainama.

Baada ya sherehe Bruda Mkuu alimwita mwalimu wa kwaya. Mezani palikuwa na barua mbili. Wavulana wawili sauti zao zilikuwa zimevunjika wiki hiyo, kwa njia ya kawaida, bila kutoka.

"Bruda, labda sheria hii tuitazame upya."

"Tuitazame ya nini? Mwaka huu imetupa wa kwanza."

Mwalimu alitia saini. Alikandamiza kalamu hadi ikatoboa karatasi ya pili, Bruda akampa nyingine. Kupitia dirisha mwalimu alimwona Kengele akivuka uwanja na mama yake, cheti kikiwa ndani ya shati. Wana wawili wa mama huyo walikuwa wanagombania nani atakitundika ukutani, mmoja akinguruma, mwingine akipaza, na mama katikati akicheka na kuwaambia wote wawili wanyamaze, watu wanawatazama.