Chupa ya Spiriti

Katika saluni ile wembe ulikuwa wa kinyozi, mdogo mtu, na chupa ya spiriti ilikuwa ya dada mtu. Mtaa mzima ulijua kwa nini. Kabla ya kwenda kutibiwa ulevi, kinyozi aliwahi kuigida ile spiriti ya kuwapaka wateja, akaanguka kifudifudi juu ya nywele zilizofagiwa. Alipopata nafuu dada alimrudisha kazini, ila chupa akaifungia mkobani mwake. Na kwa kuwa ndugu yake alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga, akamwonya: siku utakayomgusa mteja, tafuta pengine pa kufanya kazi. Saluni ilikuwa yake, na watoto wake walikula humo humo.

Asubuhi hiyo akaingia Mwenyekiti. Usiniulize mwenyekiti wa nini. Kilabuni alikikalia kiti kimoja tangu kufunguliwa hadi kufungwa, basi. Kiti cha pembeni yake zamani kilikuwa cha kinyozi.

"Siku hizi umekuwa mtakatifu," alisema, povu limemjaa mashavuni. "Hata salamu hutoi."

"Tulia nisikukate."

Kinyozi alimaliza shavu la kulia, akashuka shingoni. Dada akatokea na chupa na pamba, kama kawaida yake kila ndevu zikikaribia kwisha. Mwenyekiti akamwangalia kwenye kioo.

"Ala! Kumbe mpaka leo unalindwa na dada? Dada, mpe na yeye kidogo asuuze koo."

Akacheka, na koromeo lake likapanda na kushuka chini ya wembe.

Kinyozi alihisi hasira ikimpanda. Wembe ulikuwa bado shingoni, na aliogopa. Aliuogopa mkono wake mwenyewe kuliko alivyomchukia yule mtu. Kule kwenye matibabu walimfundisha kuitamka hasira ingali ndogo. Wakati ule aliona ni mambo ya watoto wa chekechea. Sasa haikuwa ndogo tena, lakini hakuwa na kingine.

Akauinua wembe taratibu.

"Dada, nimekasirika. Shika wewe, umalizie."

Dada alishtuka. Akaudaka wembe na, ili mkono wake uwe huru, akampa alivyokuwa ameshika. Wote watatu wakagundua kwa pamoja. Chupa ilikuwa mikononi mwa kinyozi, na kizibo chake kilikuwa kimeshafunguliwa.

Harufu ikampanda puani, na mate yakamjaa mdomoni, aibu tupu. Dada alikuwa akimwangalia kwenye kioo huku akinyoa, na kila akinyoa kidogo alisimama. Angeweza kuidai chupa yake. Hakuidai. Mwenyekiti naye, nusu povu nusu mtu, alikuwa amesahau kucheka.

Shavu la kushoto lilipokwisha, kinyozi aliloweka pamba, akampaka Mwenyekiti kidevu chote bila kuruka mahali.

"Inachoma," Mwenyekiti alinung'unika.

"Najua."

Akaziba chupa, akaikaza mpaka vidole vikauma, akamnyooshea dada yake.

"Ichukue upesi, dada. Hasira imepungua. Hamu ya hii bado."

Dada akaipokea. Mkobani aliifungia kama siku zote, kisha akarudi, akamkabidhi wembe na kumwita mteja aliyefuata.